Magofu ya ngome ya Oka, Taketa: hakuna jengo hata moja na bado naipa nyota tano

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kama upo Kyushu, kile kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, na mwezi wa kumi na moja umepata siku moja tu ya kupumzika, panda treni uende Taketa, mkoa wa Oita, ukatembee kwenye magofu ya ngome ya Oka. Nyota tano. Mabaya yake yapo na nitayasema, ila nyota hazishuki.

Kilichonifanya niandike ni maoni ya watu, maana nikipita pita mtandaoni nakuta wengine wanalalamika eti kule hamna kitu, mawe tu. Ndiyo, ni mawe tu, na hiyo ndo sababu yenyewe ya kwenda. Wengi wetu tukifika Japani ngome ya kwanza tunayopelekwa ni ya Osaka, na lile ghorofa lake zuri unaloliona kwenye picha limejengwa 1931 kwa zege, ndani kuna lifti. Kumamoto nako mnara mkubwa ni zege la 1960, wakaukarabati baada ya tetemeko la 2016. Sisemi vibaya, Kumamoto naipenda sana na kazi waliyofanya pale inastahili heshima, lakini ukiingia ndani unakuwa umeingia makumbusho, unafuata mshale ukutani, unasoma vibao, unatokea upande wa pili. Oka hawajajenga kitu. Majengo yake yalibomolewa 1874 na mpaka leo hakuna aliyerudisha hata mlango mmoja, kilichobaki ni kuta za mawe zile zile za zamani zimekaa juu ya jabali, katikati imeota miti, na wewe unaachiwa kilima kizima uzunguke utakavyo bila mtu kukuharakisha. Mi sijaona sehemu nyingine Japani ambapo unalipa kiingilio kidogo vile halafu unapewa uhuru mkubwa vile.

Safari sasa. Sisi tulitokea Beppu, nilikuwa na dada mmoja wa Mombasa ninayesoma naye, mume wake na mtoto wao wa miaka mitano, na nawataja kwa sababu kwenda na mtoto kulibadilisha mambo mengi, nitaeleza. Reli ni ile ya Hohi, inayotoka Oita inakatiza katikati ya Kyushu mpaka Kumamoto, ile iliyokatika kwa tetemeko la 2016 ikafunguliwa yote tena Agosti 2020. Sasa hapa kuwa makini jamani, treni nyingi za kawaida ukitokea Oita zinaishia Miemachi, hazifiki Taketa, kwahiyo usipande tu ya kwanza inayokuja ukidhani zote zinaenda, angalia imeandikwa inaishia wapi. Stesheni ya kushuka inaitwa Bungo-Taketa. Treni ya kawaida inachukua kama saa moja na zaidi kidogo kutoka Oita, ya haraka zipo chache kwa siku na unaongeza hela. Kama una watoto na siku yenyewe ni wikendi angalia kama inatembea ile inayoitwa Aso Boy, imechorwa mbwa mweusi kila mahali na ndani ina sehemu ya watoto kucheza, wao hiyo peke yake inawatosha kuwa safari.

Njia ni nzuri, usilale. Ukishaacha nyumba za Oita treni inaufuata mto Ono, unaona mpunga umeshavunwa, mashamba yamebaki makapi ya kahawia, na kwenye nyumba za wakulima kuna miti ya kaki imepukutisha majani yote imebaki na matunda ya rangi ya chungwa matawi matupu. Milimani ndo unaanza kuona madoa mekundu na ya njano katikati ya kijani cha misonobari. Ukifika Bungo-Taketa spika za stesheni zinapiga wimbo, kwaya kabisa, na nyuma ya stesheni ukigeuka kuna maporomoko ya maji yanashuka ukutani mwa jabali. Stesheni! Mtoto alikataa kutoka, tukasimama pale tunaangalia maji mpaka abiria wote wameondoka.

Kutoka stesheni mpaka ngomeni kwa miguu ni nusu saa hivi, kwa teksi dakika chache tu. Mimi nasema tembea wakati wa kwenda kama miguu ipo, kwa sababu mji wenyewe umekaa kwenye bakuli, umezungukwa na majabali pande zote, na barabara zake zinatoka na kuingia kwa mahandaki mafupi mafupi yaliyotobolewa kwenye mwamba, kwahiyo hata kabla ya kufika unaelewa kwanini mtu wa vita aliipenda hii sehemu. Ila kuna kipande cha barabara hakina njia nzuri ya waenda kwa miguu na magari yanapita, mwenye kigari cha mtoto achukue teksi moja kwa moja. Na kigari chenyewe kiache stesheni au kwenye gari, juu kule hakifai kitu, ni ngazi za mawe na mizizi. Wa wilichea pia niseme ukweli, njia ya kupanda haijatengenezwa kwa ajili yao, na hili ni pungufu kubwa la hii sehemu.

Chini kwenye maegesho ndo kuna kaunta ya tiketi. Nilipoenda mtu mzima ni yeni 300, wanafungua saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Na tiketi yao jamani, nimeshalipa viingilio vingi hii nchi ila hii ndo tiketi pekee niliyoiweka ukutani, wanakupa karatasi imeviringishwa kama barua za zamani za wakubwa, unaikunjua ndani kuna ramani na maelezo ya ngome. Kwa wale wanaokusanya mihuri ya ngome 100 mashuhuri za Japani, hii ni namba 95, kitabu chako usikisahau. Mzee wa kaunta alikuwa mpole, akamuinamia mtoto akamwambia kwa Kijapani cha pole pole kwamba juu ushike mkono wa mama, halafu akatuangalia sisi wakubwa mmoja mmoja akarudia tena neno la hatari. Tulidhani ni adabu tu ya kazi. Hapana, alimaanisha.

Maliza haja zako pale chini, jaza maji, ndo uanze kupanda.

Mwanzo ni mteremko wa mawe unaoelekea lilipokuwa geti kuu, Otemon, na upande mmoja kuna kingo ya mawe yaliyochongwa migongo yakawa mviringo juu, yamepangwa yanapanda na wewe, yameota kuvu ya kijani. Mimi kwenye ngome nyingine sijayaona mawe ya namna ile. Juu ya njia ndo momiji, ile miti ya Kijapani ambayo majani yake yanageuka mekundu, zimefunga, nyekundu ya damu, halafu chungwa, halafu njano, jua la asubuhi linapita katikati linaangukia kwenye mawe. Tulienda katikati ya Novemba kuelekea mwishoni na ndo wakati wenyewe, wiki mbili kabla ungekuta kijani bado na ukichelewa Disemba unakuta matawi. Watu walikuwepo lakini sio wale wa Kyoto wa kusukumana mabega, ilikuwa kuna dakika nzima tunasimama getini hakuna anayepita zaidi ya majani yanayoanguka.

Sasa mawe, hapa niruhusuni nikae kidogo kwa sababu ndo roho ya mahali. Ukiziangalia kuta za Oka utaona mawe mengi yamekatwa yakakatika sawa, yameshikana vizuri, tofauti na zile kuta za magofu mengine ambapo wamepachika mawe ya mtoni jinsi yalivyo. Sababu ni volkano. Mlima Aso uko magharibi ya hapa, na miaka kama elfu 90 iliyopita ulilipuka mlipuko mkubwa mno, majivu ya moto yakatiririka yakafunika eneo kubwa la Kyushu, na kwa joto lile lile yakajibana yakashikana yakawa mwamba. Mwamba huo ni laini kiasi, patasi inaukubali, kwahiyo mafundi walikuwa na mawe chini ya miguu yao na wangeweza kuyachonga walivyotaka. Na mito ndo ikafanya kazi ya pili, ikaukata ule mwamba pande zote mbili ikaacha ulimi mrefu mwembamba umezungukwa na magenge yaliyosimama wima. Ngome ikakaa juu ya huo ulimi. Yaani mtu alijenga ukuta tu pale genge lilipoishia, kuna sehemu ukiangalia kutoka chini huwezi kusema mwamba wa Mungu umeishia wapi na kazi ya binadamu imeanzia wapi. Kuna mzee mmoja wa kujitolea anayeongoza wageni alituona tumeinama tunapapasa mawe akaja akatuonyesha alama za patasi, bado zipo, mistari mistari, ukipitisha kidole unaisikia. Mawe yamekaa pale zaidi ya miaka 400, na ukigusa ile mistari unajua kabisa kuna mtu mmoja alikaa hapa akagonga, akapumzika, akagonga tena.

Geti ukishalipita unatokea kwenye eneo la magharibi, uwanja mpana wa nyasi, kulikuwa na makazi ya wakubwa na maofisa, sasa hivi kuna misingi tu na miti. Wengi wanapita haraka kukimbilia upande wa mashariki kwenye picha maarufu. Msikimbie. Pale magharibi ndo pana utulivu, tulitandika mkeka tukala karanga na ndizi, mtoto akakimbia mpaka akachoka, na upande huo ndo unapata nafasi ya kumuachia mtoto akimbie bila roho kukaa juu, maana mashariki hiyo nafasi hakuna.

Na hapa ndo nakuja kwenye onyo. Ngome ya Oka sehemu kubwa haina uzio. Sijui niseme kwa herufi kubwa, HAINA UZIO. Unatembea kwenye nyasi vizuri, unasogea kutazama mandhari, halafu nyasi zinaisha na mbele yako ni hewa na chini kabisa unaona vichwa vya miti na mto. Hakuna bomba la chuma, mahali pengi hakuna hata kamba, kuna vibao tu vya kukuambia angalia miguu yako. Siku ambayo majani yameanguka na kuna umande ni utelezi, na wapiga selfi wanarudi nyuma kinyumenyume. Nilimsikia yule dada akimwambia mumewe, "Baba, huyo mtoto mshikilie wewe, mimi hapa siwezi hata kupumua," na tangu hapo mtoto hakuachiwa mpaka tunashuka. Je ninataka waweke uzio? Nimelifikiria hili sana na jibu langu ni hapana, wasiweke kwenye kuta, kwa sababu uzio ungeua kitu chenyewe kinachotuleta, unaposimama pale unaelewa kwa mwili wako mwenyewe, sio kwa maandishi, kwamba adui asingeweza kupanda. Lakini ningependa kaunta wawe na karatasi ya onyo kwa lugha kadhaa, maana sio kila mgeni atamuelewa mzee anachosema. Mwenye kizunguzungu cha urefu abaki katikati. Raba zenye soli ya kushika, viatu vya ngozi vya kutelezea viacheni nyumbani, na kama mvua imenyesha usiku badili siku.

Baada ya hapo njia inabana, kushoto na kulia ni genge, halafu unaingia kwenye zile kuta ndefu za San-no-maru, yaani uwanja wa tatu wa ngome. Hii ndo picha iliyoko kwenye kila kipeperushi, ukuta umesimama wima juu ya bonde halafu unapinda, unaendelea, unapinda tena, na momiji moja moja zimetokeza juu. Picha haikuandai. Unasimama kwenye kona moja unautazama ukuta wa upande wa pili, na nyuma yake, kwa siku ya anga safi, kuna milima ya Kuju yote imejipanga, kilele chake kirefu mita 1,791, na upande mwingine mlima Sobo, 1,756. Asubuhi baridi inauma masikio na hewa ni safi mpaka unaona mikunjo ya mlima. Tulikaa hapo. Hatukuongea sana.

Ukiwa umekaa pale ndo historia inaanza kuwa na maana, kwahiyo naileta hapa. Inasemekana ngome ya kwanza ilijengwa 1185 na Ogata Koreyoshi ili kumpokea jemadari Minamoto Yoshitsune aliyekuwa anamkimbia kaka yake, na Yoshitsune hakufika kamwe. Hilo lipo kwenye masimulizi zaidi. Linalojulikana vizuri ni la mwaka 1586, jeshi la ukoo wa Shimazu kutoka kusini, wakati huo wameshaimeza karibu Kyushu yote, likaja Oka likakuta ngome inashikiliwa na kijana wa miaka ishirini hivi anaitwa Shiga Chikatsugu na watu wachache. Ngome nyingine jirani zikasalimu amri. Oka haikuanguka. Walijaribu tena na tena wakashindwa, na Toyotomi Hideyoshi mwenyewe, mbabe aliyekuwa anaiunganisha Japani yote, akampelekea kijana barua ya pongezi. Ukishaisoma hiyo halafu ukachungulia genge huna maswali tena.

Kuta hizi tunazoziona leo kwa sehemu kubwa ni za baadaye, za ukoo wa Nakagawa walioingia 1594 wakaipanua ngome na kutawala hapa vizazi na vizazi mpaka 1871 serikali mpya ilipofuta utawala wa kikoo. Katikati kulikuwa na moto wa 1771 uliokula majengo mengi, wakajenga tena. Halafu 1874 majengo yote yakapigwa mnada, watu wakanunua mbao na vigae, wakabomoa wakabeba. Mawe hayakubebeka.

Na ndo hapo anaingia Taki Rentaro, mtunzi wa muziki. Alizaliwa Tokyo 1879, baba yake alikuwa mtumishi wa serikali anahamishwa hamishwa, wakafika Taketa yeye akiwa mtoto wa miaka kumi na mbili hivi. Alikuwa anapanda huku kucheza, ngome imeshabomolewa, majani yameota, kimya. Akaenda Tokyo kusoma muziki, na 1901 ukachapishwa wimbo wake Kojo no Tsuki, wimbo wa ngome iliyoachwa na mwezi juu yake, mashairi ya Doi Bansui, na Wajapani karibu wote wanaujua toka shuleni. Doi alipoandika alikuwa na ngome za kaskazini akilini, za Sendai na Aizu, ila sauti Taki aliitoa hapa. Alikufa 1903 kwa kifua kikuu, miaka 23. Ndo ule wimbo unaopigwa stesheni. Sanamu yake ipo eneo la Ni-no-maru, uwanja wa pili wa ngome, imetengenezwa na Asakura Fumio, mchongaji mkubwa kabisa, ambaye alisoma naye shule hapa hapa Taketa wakiwa watoto. Sanamu nyingi huwa napita tu, ila hii nilisimama, kwa sababu ni mtu anamtengeneza mwenzake wa shule aliyekufa kijana na anamrudisha mahali walipokuwa wote.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. Tumekaa kimya pale juu, kutoka bondeni ukaanza kuja ule wimbo, kwa mbali, sauti nzito ya ajabu, unakata, unarudi. Tukaangaliana. Kumbe barabara ya chini ya ngome wameichonga mifereji kwenye lami, gari likipita kwa mwendo sahihi matairi yanatoa ule wimbo. Wapo wanaosema inaharibu utulivu, mimi nimeipenda mno, maana dereva wa lori amebeba mizigo yake, hana habari na watalii, na bila yeye kujua anawapigia muziki watu walioko juu ya genge.

Kushuka, kama miguu bado ina nguvu, usirudi njia ile ile, tokea upande wa geti la Chikado, njia ni ya msituni na imejaa majani, halafu ukifika mjini pitia mtaa wa Tonomachi wenye kuta za udongo za nyumba za samurai. Pembeni yake kuna kanisa la siri la Wakristo wa zamani, limechongwa ndani ya mwamba ule ule laini, toka enzi ambazo dini ilipigwa marufuku. Ni dogo na unaangalia kwa nje tu. Dakika kumi zinatosha ila usiliruke.

Chakula ndo sehemu niliyokasirika. Kuna mgahawa mmoja mjini, jina naliacha, tulipanga foleni nje na mtoto zaidi ya nusu saa, watu wanne mbele yetu, kisha akatoka mhudumu akageuza kibao, vyakula vimeisha, samahani. Haikuwa hata saa nane. Kama mnajua sahani zimebaki ngapi, waambieni watu walioko kwenye foleni mapema ili waende kwingine, hiyo haigharimu kitu. Na kwingine kwenyewe sio kwingi, Taketa ni mji mdogo, sehemu nyingi za kula zinafunga baada ya saa nane mpaka jioni, kwahiyo panga kula mapema saa tano na nusu au beba chakula chako. Tulipata sehemu nyingine ndogo ya mama mmoja mtu mzima, nikala toriten, ile kuku ya vipande inayokaangwa kwa unga mwepesi ambayo ndo sifa ya Oita, unakamulia kabosu, na dangojiru, mchuzi wa miso (rojo la soya lililochachushwa) wenye mboga na mikanda mipana ya unga wa ngano. Kwa baridi ile mchuzi ule ulikuwa dawa. Kabosu ni jamii ya ndimu, ya kijani, harufu yake nzuri sana, na Japani karibu zote zinatoka mkoa huu wa Oita, msimu huu unazikuta zinauzwa kwa mfuko bei ndogo. Kwa Waislamu niseme, kuku ya halali sikuiona Taketa na michuzi mingi ina mirin au sake ndani, zote ni pombe za mchele, wenzangu wale wa Mombasa walikuja na wali wao na samaki kwenye hotpoti toka nyumbani na wakala vizuri kuliko mimi, fanyeni hivyo.

Vitamu nenda Tajimaya, duka la vitamu la tangu 1804, liko mjini unafika kwa miguu. Wana kile cheupe laini cha ute wa yai chenye maharage ya njano matamu ndani, kimepewa jina la ule wimbo, na kingine cha kahawia kinaitwa Mikasano, mkate mwembamba umekunjwa una maharage. Huduma nzuri, wanakufungia kimoja kimoja kama zawadi, na hata ukinunua viwili tu hawakunji uso. Mimi naona cha kahawia ndo kizuri zaidi, na kwa chai ya maziwa ya kwetu kinaingia vizuri sana.

Sasa kitu ambacho watu wa pwani mtakipenda: zafarani. Taketa ndo inatoa zafarani nyingi ya Japani, asilimia kama 80. Na hawailimi kama Wairani, vitunguu vyake wanavipanga kwenye rafu ndani ya chumba chenye giza, bila udongo bila maji, na mwishoni mwa Oktoba kuingia Novemba vinachanua vyenyewe maua ya zambarau, wakulima wanakaa wanachomoa nyuzi nyekundu kwa mkono, moja moja, ndo baadae vitunguu vinarudishwa shambani. Vichupa vidogo vya zafarani vinauzwa mjini, bei iko juu, ila harufu ukifungua ni ile ile ya biriani ya harusi. Yule dada alinunua kabla hata hajauliza bei.

Kama unaweza kuchagua wikendi, chagua ya tatu ya Novemba, kuna Chikuraku, tamasha walilolianzisha mwaka 2000. Jioni wanawasha taa za mianzi kama elfu 20 mitaani na kwenye ngazi za mahekalu, mianzi wanaikata milimani kwa sababu imezidi inaua misitu, kwahiyo kazi ya kusafisha msitu inageuka taa. Siku hizo lakini treni na migahawa inajaa, na teksi usizitegemee. Siku ya kawaida jua linazama saa kumi na moja na robo hivi na giza linaingia ghafla kwa sababu ya majabali, uwe umeshashuka ngomeni saa kumi, kumi na nusu mwisho. Na treni ya kurudi Oita iangalie asubuhi ukifika, piga picha ratiba iliyopo ukutani, ukiikosa moja jioni unaweza kukaa zaidi ya saa nzima stesheni na baridi ya huko sio ya Beppu. Weka sweta ya ziada kwenye begi na hela taslimu, maana sehemu ndogo ndogo nyingi hazichukui kadi.